Ile bika ya plastiki ya kemia ni kalorimita, na joto inakutoroka

Wasee wa Form Four hapa Eldy, hii ni yenu. Mliomaliza kitambo pia mnaweza kaa.

Kwa praktiko unapewa bika ya plastiki, themomita, HCl na NaOH. Unachanganya, unasoma, unajaza jedwali. Hiyo bika ni kalorimita, kifaa cha kupima joto la mmenyuko, na kazi yake ngumu tangu zamani ni moja tu: kuzuia joto isihepe.

Ya kwanza ya maana ilitengenezwa Paris, wakati wa baridi kati ya 1782 na 1783. Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walikuwa na mtungi wa vyumba vitatu. Ndani kabisa waliweka kitu kinachotoa joto, katikati barafu, na nje barafu tena ya kukinga joto la nyumba. Hawakuangalia digrii, walipima maji yaliyoyeyuka. Gramu moja ya barafu hula jouli kama 334, so ukijua maji umejua joto. Waliweka hadi simbilisi, kale kamnyama ka kama sungura wa masikio mafupi. Kwa masaa 10 aliyeyusha karibu gramu 400, na jamaa wakasema kupumua ni kuungua polepole. Noma sana.

Lakini maji mengine yalinasa kwa barafu hayakushuka, na bila baridi kali hakuna kazi.

Miaka ya 1880 Marcellin Berthelot akaleta bomu: chuma nene imefungwa, imejaa oksijeni ya presha, imezamishwa kwa maji. Kitu kinaungua chote ndani, maji yanapata moto, unasoma themomita. Zile kalori kwa paketi ya biskuti mizizi yake ni hapo.

Sasa rudi kwa bika yako. Sema umechanganya 50 cm³ ya HCl na 50 cm³ ya NaOH, zote 1M, na joto imepanda digrii 6.5. 100 × 4.2 × 6.5 ni jouli 2,730. Gawa kwa moli 0.05, unapata 54,600. Kitabu kinasema karibu 57,000. Hizo zingine zimeingia kwa plastiki, themomita na hewa, na vile Eldy huwa baridi asubuhi, hazingengoja. Ndio maana wanakupa plastiki, si chuma inayopitisha joto mbio. Na ule mstari wa grafu unaovuta nyuma hadi dakika ya kuchanganya unarudisha joto iliyohepa ukingoja.

Kuna wasee hupika data ifike 57 kamili. Buda, wacha. KNEC hulinganisha themomita yako na masomo ya mwalimu wako, aliyefanya jaribio hilo hilo kwa vifaa vya shule yenu. Yeye pia joto ilimhepa.