Jaji Huacha Nini? Mfano wa Benedicto Kiwanuka

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hapa Uganda huchanganya maneno hakimu na jaji. Katika lugha ya mahakama za Afrika Mashariki, hakimu husikiliza kesi katika mahakama za chini, na jaji hukaa Mahakama Kuu na zile zilizo juu yake. Neno jaji limetoka katika Kiingereza. Neno hakimu limetoka katika Kiarabu, nalo lina asili moja na hukumu, mahakama na hekima. Lugha yenyewe, basi, inatukumbusha kwamba anayetoa hukumu hutarajiwa kuwa na hekima. Maisha ya Benedicto Kiwanuka yanatufundisha kwamba huhitaji pia ujasiri.

Marehemu Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922. Alisomea sheria London, akaongoza chama cha DP, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu kwa muda mfupi kabla ya uhuru. Mwaka 1971 aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Aliyemteua ni Idi Amin.

Iko kanuni ya zamani ya sheria inayomlinda kila mtu aliyezuiliwa. Mtu huyo, au jamaa yake, anaweza kuiomba mahakama iamuru kwamba mfungwa aletwe mbele ya jaji, na aliyemshika aeleze amemzuilia kwa sheria gani. Asipokuwa na jibu, mfungwa huachiliwa. Mwaka 1972 Kiwanuka aliitumia kanuni hiyo kumwachilia mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi, kwa kuwa jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Kiwanuka hakupisha. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimchukua kutoka Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe. Hakurudi tena, na mwili wake haukupatikana.

Siku ile ilionekana kwamba bunduki imeshinda. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 1995, iliyotungwa na watu walioikumbuka miaka hiyo, inasema katika ibara ya 23 na ya 44 kwamba haki ya mfungwa kuletwa mahakamani haiwezi kusimamishwa. Ibara ya 128 inakataza mtu yeyote kuingilia kazi ya majaji. Na tangu mwaka 2018, Idara ya Mahakama humkumbuka Kiwanuka kwa mhadhara wa kila mwaka. Maandishi peke yake hayamlindi mtu, lakini humpa wakili na raia mahali pa kusimama.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Wazee wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kinywani mwa askari, kikiwa lugha ya amri na vitisho, na hiyo ni sababu mojawapo ya lugha hii kuchukiwa. Mwaka 2005 ilifanywa lugha rasmi ya pili. Tunapomfundisha mwanafunzi maneno kama dhamana, rufaa, ushahidi na haki, tunamwonyesha kwamba lugha ile ile iliyotumika kumkamata mtu inaweza pia kumtetea. Tusiyafundishe maneno hayo kama msamiati wa mtihani tu.