Je, Wajua? Jamalilail, jina la Tarim lililofika Lamu na Perlis

Je, wajua kwamba Raja wa jimbo moja la Malaysia ana jina la ukoo sawa na la sharifu aliyezikwa Lamu? Jimbo hilo ni Perlis, na ukoo ni Jamalilail. Kutoka Lamu hadi Arau, mji wa kifalme wa Perlis, ni zaidi ya kilomita 6,000, nyingi zikiwa bahari tupu. Safu ya leo nimeipa jina hili moja tu, kwa sababu ni adimu kwenye vitambulisho vyetu, lakini ukilifuata nyuma litakuzungusha Bahari ya Hindi karibu yote.

Je, wajua lilianzia wapi? Tarim, mji wa nyumba za udongo katika bonde la Hadhramaut, kusini mwa Yemen. Ukoo huu ni tawi la masharifu wa Ba Alawi, ambao babu yao Ahmad bin Isa aliondoka Basra, Iraki, mwaka 317 wa Hijra, yaani mwaka 929. Kwa safari hiyo aliitwa al-Muhajir, mhamaji. Mjukuu wake Alawi ndiye aliyewaachia jina la Ba Alawi. Kutoka shina hilo wametoka pia akina Haddad, Attas, Saggaf, Habshi, Aidarusi na Bin Sumeti, majina ambayo mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kufafanuliwa.

Je, wajua kwamba mengi ya majina haya yalianza kama lakabu ya mtu mmoja mmoja? Tarim ilikuwa imejaa akina Muhammad bin Ali na Ali bin Muhammad. Bila lakabu huwezi kujua nani ni nani. Sharifu mmoja aliyeitwa Muhammad akapewa lakabu ya Jamal al-Layl kwa namna alivyozoea kukesha katika ibada, na wanawe na wajukuu wakaishika.

Je, wajua kwamba wengi nje ya Hadhramaut hulielewa jina hili kuwa "uzuri wa usiku"? Tafsiri hiyo inapendeza, na Malaysia ndiko inakorudiwa zaidi. Lakini katika maandishi ya Hadhramaut neno la kwanza halina alifu baada ya mimu, na kwa hivyo linasomeka ngamia: ngamia wa usiku. Waarabu husema juu ya mtu anayesafiri usiku kucha kwamba ameufanya usiku ngamia wake. Mimi naona hii ya ngamia inamfaa zaidi mtu wa kisimamo cha usiku kuliko ile ya uzuri.

Je, wajua ni upepo gani uliolileta kwetu? Kaskazi, ule unaovuma kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Jahazi lililotoka Shihr au Mukalla lilishuka nao mpaka Pate, Lamu na Mombasa, halafu kusi ikamrudisha mwenye kutaka kurudi. Wengi hawakurudi.

Je, wajua kwamba Pate ilitangulia Lamu? Kisiwa hicho, ambacho leo wengi hukipita tu kwa mashua, kilikuwa kituo kikubwa cha masharifu wa Hadhramaut kuanzia karne ya 16. Mapokezi ya Pate yanasema wenyeji walipozidiwa na maadui waliomba dua kwa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, aliyefariki mwaka 1584, naye akawapelekea wanawe. Katika kizazi hicho ndimo alimotoka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Akina Jamalilail nao walipita Pate, na kutoka hapo wengine wakaendelea kusini hadi Ngazija.

Je, wajua kwamba huko Ngazija sharifu alikuta desturi ambayo Hadhramaut haikuwa nayo? Nyumba ni ya mwanamke, na kuna ardhi ya ukoo iitwayo manyahuli ambayo hurithiwa upande wa mama. Kwa hivyo mtoto wa Jamalilail wa Ngazija alipata nasaba kwa baba na paa la nyumba kwa mama. Nasaba ya Kiarabu haikuivunja mila hiyo, wala mila haikuifuta nasaba. Zimekaa pamoja kwa karne kadhaa, jambo ambalo wanaosimulia historia ya Komoro kana kwamba kila kitu kililetwa na wanaume waliotoka ng'ambo wangefaa kulitazama upya.

Je, wajua kwamba mtu aliyelipa jina hili sifa yake kubwa Afrika Mashariki alizaliwa Ngazija? Ni Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye pwani nzima humjua kama Habib Saleh. Alihamia Lamu akiwa kijana, katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kuishi huko hadi alipofariki katikati ya miaka ya 1930. Alikuwa mwalimu na tabibu. Makazi yake hayakuwa Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe ya wenye mji. Alikaa upande wa Langoni, kwenye vibanda vya makuti, miongoni mwa wavuvi, wahamiaji na watu waliotoka utumwani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ukoo huu ulipoacha alama isiyofutika katika historia ya Waswahili. Katika Lamu ya wakati ule elimu ya dini ilikuwa na milango iliyofungwa. Mtoto wa mtumwa kusomeshwa fiqhi na nahau lilikuwa jambo la kuwashangaza wengi, na la kuwaudhi baadhi yao. Habib Saleh aliwasomesha. Darasa lake likakua, akapewa kiwanja kwa wakfu, na ukajengwa Msikiti wa Riyadha, ambao jina lake linafuata ule wa mwanachuoni Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Wanafunzi wakamiminika kutoka kila upande wa pwani, kisha kutoka Komoro, Tanzania na Uganda, na waliohitimu wakafungua madrasa zao kwao. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein alipoandika kitabu chake juu ya Lamu, kilichotoka mwaka 1974, msukosuko wa vyeo uliozuka kwa kuja kwa Riyadha ulikuwa kiini cha kazi yake. Sharifu wa nasaba ya juu kabisa alitumia cheo chake kuwainua waliokuwa chini kabisa. Mimi nalihesabu hilo kuwa tukio kubwa, na linastahili kuwa katika vitabu vya historia vya shule zetu.

Je, wajua kwamba Maulidi maarufu ya Lamu nayo yametokana na mlango huu? Maulidi yasomwayo Riyadha ni Simtu al-Durar, yaliyotungwa na huyo huyo Habib Ali al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Husomwa kwa matari. Wazee wa mji walipinga ngoma kuingia msikitini, lakini matari yakabaki. Kilele chake huwa Mfungo Sita, kwenye Alhamisi ya mwisho ya mwezi, na wageni hufurika kisiwani kwa majahazi na maboti, wakizuru kaburi la Habib Saleh.

Je, wajua kwamba jina hili limewahi kukalia kiti cha usultani? Nenda Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra. Kuanzia 1641 hadi 1699 Aceh ilitawaliwa na malkia wanne mfululizo. Wa mwisho, Kamalat Shah, aliondolewa baada ya kufika hoja kutoka Makka kwamba mwanamke hafai kutawala. Aliyemrithi alikuwa sharifu, Badr al-Alam Syarif Hasyim Jamalullail, kama huko wanavyoliandika Jamalilail. Enzi ya nasaba hiyo ilikwisha mwaka 1726. Miaka 27 tu, baada ya 58 ya malkia.

Je, wajua jinsi akina Jamalilail walivyopata Perlis? Mwishoni mwa karne ya 18 Sultani wa Kedah alimpa Syed Harun Jamalullail eneo la Arau alitawale. Mwaka 1821 Siam ikaivamia Kedah, Sultani akakimbia, na alipokubaliwa kurudi mnamo 1842 nchi yake ilikuwa imekatwa vipande. Kimoja kati ya vipande hivyo, Perlis, mwaka 1843 kikawekwa chini ya Syed Hussain Jamalullail, na wazao wake ndio wanaoitawala mpaka leo. Waingereza waliichukua kutoka kwa Siam kwa mkataba wa 1909, wakaondoka, Malaysia ikazaliwa, na ukoo ukabaki palepale. Ni jimbo dogo kuliko yote Malaysia, dogo hata kuliko Pemba.

Udogo huo hauwazuii. Malaysia hubadilisha mfalme wake kila miaka 5 kwa zamu kati ya watawala 9 wa majimbo, na zamu ya Perlis imefika mara 2: Syed Putra Jamalullail kuanzia 1960 hadi 1965, na mwanawe Syed Sirajuddin kuanzia 2001 hadi 2006. Kwa hivyo mtu wa ukoo wa Tarim amekuwa mkuu wa dola ya kisasa yenye viwanda na majumba marefu, na hili limetokea ndani ya uhai wa wengi wetu tunaosoma safu hii.

Je, wajua kwamba jina linaweza kujificha ndani ya jingine? Pontianak, mji wa Borneo unaopitiwa na ikweta, uliasisiwa mwaka 1771 na Syarif Abdurrahman Alkadrie, ambaye baba yake alitoka Hadhramaut. Alkadrie ni chipukizi la Jamalilail. Sultani wa Pontianak aliyeitwa Hamid II ndiye aliyebuni nembo ya taifa la Indonesia, yule ndege Garuda mwenye ngao kifuani, iliyokubaliwa mwaka 1950. Hata hapa kwetu jambo hili lipo: mmoja wa wana wa Habib Saleh aliitwa Ahmad Badawy, na leo jina la Badawy limekuwa jina la ukoo kwa uzao wake.

Je, wajua kwamba Malabar, kusini magharibi mwa India, jina hili huandikwa Jamalullaili? Wenye jina hilo wako Kadalundi, kusini kidogo ya Calicut, na huko sharifu huitwa Thangal. Ongeza hapo Said ya Komoro, Syed ya Malaysia, Syarif ya Borneo, Habib ya Java, Sharifu na Mwenye za Lamu. Cheo kinabadilika kila bandari. Jina la ukoo ndilo linalokuonyesha kwamba ni watu wamoja.

Je, wajua basi kwa nini jina hili ni adimu kwenye karatasi zetu? Kwa sababu Afrika Mashariki mtu huandikwa jina lake, la baba na la babu. Karani akiona nafasi tatu hujaza tatu, na la nne, ambalo ndilo la ukoo, hudondoka. Mtu akaitwa Ahmed Said Omar, na ofisi haina njia ya kujua yeye ni Jamalilail, Haddad au si sharifu kabisa. Komoro maandishi ya Kifaransa yamelitia jina D kabla ya J. Ukihesabu kwa orodha ya wapiga kura utapata wachache, lakini ukihesabu kwa shajara za nasaba zilizokunjwa kwenye masanduku ya Lamu na Ngazija utapata wengi zaidi. Shajara hizo zinaliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Zipigwe picha.

Je, wajua kwamba Hadhramaut waliliona tatizo hili zamani? Mufti wa Tarim Abdulrahman al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, aliacha kitabu kizima cha matawi ya Ba Alawi, Shams al-Dhahira. Na Batavia, ambayo sasa ni Jakarta, mwaka 1928 iliundwa Rabithah Alawiyah, ambayo mpaka leo ina ofisi ya nasaba inayochunguza madai na kuandikisha watoto.

Je, wajua kwamba siasa nazo zimelitawanya? Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliwasukuma watu wengi wa asili ya Kiarabu kwenda Ghuba na Komoro. Miaka 3 baadaye Yemen Kusini ikapata uhuru, serikali ya kijamaa ikawabana masayyid, na wengi wao wakahamia Saudi Arabia na nchi za Ghuba. Ndiyo maana leo Jeddah inakutanisha mtu wa Tarim na jamaa yake wa Lamu, mmoja akisema Kiarabu cha Hadhramaut na mwingine Kiamu.

Je, wajua kwamba si kila Jamalul ni Jamalilail? Jamalul Kiram wa Sulu, Ufilipino, na Muhammad Jamalul Alam wa Brunei walikuwa masultani, majina yao yanafanana na hili masikioni, na watafutaji nasaba huwachanganya kila mara. Hayo ni majina ya kitawala, aliyopewa mtu binafsi, si ya ukoo, na hayana uhusiano na yule mkeshaji wa Tarim.