Kabla ya kuchora sura ya mpendwa wako, chagua karatasi

JE, msomaji, ukiulizwa leo utoe picha ya nyanya yako, utaitoa wapi? Katika familia nyingi za Sigowet, Kaunti ya Kericho, picha ya mkongwe ni moja tu, nayo ni ile ndogo ya kitambulisho. Si ajabu. Sheria ilibadilishwa mwaka wa 1978 ndipo wanawake wa Kenya nao wakaanza kusajiliwa, na wako waliopigwa picha siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani.

Ndiyo maana mzee akidhoofika, jamaa humtafuta kijana mwenye kipawa cha kuchora, wakampa kitambulisho na kumwomba aikuze sura hiyo kwa penseli. Siku ya kwanza kila mtu husifu kazi. Baada ya miaka michache mambo huwa mengine.

Mwandishi wa makala haya anayajua hayo. Sura ya kogo wetu, yaani nyanya, ilichorwa kwa ustadi kwenye karatasi iliyong'olewa daftarini. Leo karatasi hiyo ni ya manjano, mashavu yamefutika kwa kuguswaguswa, na mistari ya daftari imekatiza paji la uso wake. Kitambulisho chenyewe kilirudishwa serikalini alipofariki. Hatuna picha nyingine. Mchoraji hakukosea, alitumia alichopewa.

Penseli tatu zatosha

Wengi hudhani ndani ya penseli mna risasi. La hasha. Mna madini meusi yaitwayo grafiti, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni, njia aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka wa 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu; hiyo hupigwa alama ya H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Hiyo ni B. Namba ikipanda, sifa hiyo nayo huongezeka, kwa hivyo 6B ni nyeusi kuliko 2B. HB, anayokwenda nayo mtoto shuleni, iko katikati.

Usinunue pakiti nzima. Chukua HB ya mistari ya kwanza, 2B ya vivuli vya ngozi, na 4B au 6B ya nywele, mboni za macho na giza la chini ya kidevu.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Mtu mwenye HB pekee akitaka kuonyesha ngozi nyeusi, huikandamiza kwa nguvu. Karatasi huingia mitaro na uso hung'aa kama bati. Afadhali upitishe 2B kwa wepesi, tabaka juu ya tabaka, huku ukiacha karatasi ionekane panapoangukiwa na mwanga: paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua.

Usibane pesa kwenye karatasi

Ikiwa pesa ni kidogo, punguza penseli lakini usipunguze karatasi. Penseli ikiisha utanunua nyingine, lakini karatasi ikiharibika sura nayo imekwenda.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzani wa gramu 80 kwa kila mita mraba. Ni nyembamba na laini, na ukifuta mara mbili tatu huchubuka. Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 150 hadi 200. Ipapase kwa kidole: iwe na ukwaru kidogo ili ishike grafiti. Ikiwa na ukwaru mwingi, makunyanzi madogo ya mzee hayatatokea vizuri.

Muulize mwenye duka iwapo karatasi hiyo haina asidi. Karatasi nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zisizosafishwa vya kutosha, na mwanga na hewa huzigeuza manjano. Iliyotengenezwa kwa pamba hudumu zaidi, ingawa bei yake huuma. Kabla ya kununua nyingi, nunua moja, chora pembeni kwa 4B, kisha ufute. Ikichubuka, iache.

Kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na karatasi hunyonya unyevu. Isafirishe ikiwa imelala baina ya vipande viwili vya kadibodi ndani ya faili ya plastiki. Unapochora, weka karatasi safi chini ya kiganja ili usichafue ulichomaliza. Kazi ikiisha, itiwe kwenye fremu ya kioo, lakini kioo kisiguse mchoro. Ukanda wa kadibodi pembeni utawatenganisha. Usiitundike penye jua wala karibu na moshi wa kuni.

Na kitambulisho kabla hakijarudishwa, kipige picha kwa simu, mwanga ukiwa mzuri, na uihifadhi mahali zaidi ya pamoja.

Lakini ikiwa nyanya bado yupo, ya nini kungojea kitambulisho? Mketishe mlangoni asubuhi, kabla ya mvua, mwanga umwangukie upande mmoja wa uso. Mpigie simu yule kijana, na umkabidhi karatasi nzuri mkononi.