Kabla ya dawa, muulize amelalaje

Msimu wa kahawa ukiingia Mbinga, kuanzia Juni hivi, kukesha si habari. Kahawa iliyochumwa mchana haitakiwi kulala bila kumenywa, iliyoanikwa inahitaji mlinzi, na fedha za chama cha msingi cha ushirika zikitoka mji mzima unachangamka. Kijana akionekana macho saa tisa usiku, anaongea bila kituo, anapanga kununua Fuso mbili na kufungua nyumba ya wageni Songea, majirani watasema mwaka huu mambo yamemnyookea. Siku ya nne wazazi wanaanza kutazamana. Siku ya saba anafikishwa hospitali kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mjomba wake, mikono imefungwa kwa kanga ya mama yake.

Kijana huyu nimemtunga, ugonjwa wake sikuutunga. Ni ugonjwa wa hisia mseto, unaomrusha mtu juu kwa siku au majuma, kisha ukamtupa kwenye sonona pengine kwa miezi. Ile hali ya juu wataalamu huiita mania. Atakayempokea kijana, mara nyingi, si daktari bingwa. Tanzania ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya 2022, Ruvuma peke yake zaidi ya milioni 1.8, na mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno, wengi wao wakiwa miji mikubwa. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa 1927, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 600 kutoka Songea. Kwa hiyo anayefungua ile kanga mikononi ni muuguzi.

Swali lake la kwanza linaonekana jepesi: amelala saa ngapi? Milimani kwa Wamatengo linajibika haraka. Lakini shuka na lami ya kilomita 66 hivi kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, uone linavyogeuka. Huku ziwani dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Mvuvi halali usiku, na hajaugua. Muuguzi akiandika kwenye faili “mgonjwa halali usiku” kwa mtu wa Liuli au Lituhi, hajaandika kitu.

Swali lenyewe ni hili: akirudi ziwani asubuhi, analala? Na kama hakulala, anachoka? Mvuvi mzima akikosa usingizi siku mbili utamkuta amesinzia juu ya rundo la nyavu. Mwenye mania hana haja ya usingizi. Amelala kwa saa mbili tu, ameamka na nguvu za watu watatu, anashangaa wengine wanalalia nini. Kukosa usingizi na kutouhitaji ni mambo mawili, na tofauti hiyo inapambanua ugonjwa kuliko kelele na matusi ambayo ndugu huyasimulia kwanza.

Kuna sababu ya kulikazania hili. Ubongo una saa yake, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa jua na ratiba ya kulala na kuamka. Kwa wengi wetu usiku mmoja wa msibani au harusini huleta uchovu tu. Kwa mwenye ugonjwa huu, usiku mmoja au miwili ya kukesha inaweza kuiwasha mania upya hata kama anameza dawa vizuri. Kazi ya taa ziwani, kwake, ni hatari ya kiafya kama chumvi kwa mwenye presha. Muuguzi anayeijua pwani hii hamwambii “acha uvuvi”, maana atakula nini? Anakaa naye, na mwenye mtumbwi ikiwezekana, watafute kazi ya mchana: kuanika dagaa, kushona nyavu, kupeleka mzigo mnadani.

Wodini, mania haitulizwi kwa kubishana. Ukimwambia kijana hana fedha ya Fuso mbili, atakupa hesabu mpaka jioni. Jibu fupi, sauti ya chini, chumba chenye watu wachache na mwanga hafifu usiku. Chakula kiwe cha kushika mkononi, kiazi cha kuchemsha, ndizi, chapati, kwa sababu hawezi kukaa mezani dakika tano na mwili wake unachoma nguvu mfululizo. Maji apewe mara kwa mara. Na fedha: mtu akiwa mzima, kabla ya msimu, akubaliane na ndugu anayemwamini nani atashika malipo ya kahawa na nani atashika simu yenye pesa endapo dalili zitarudi. Makubaliano ya namna hii yaandikwe. Kumnyang'anya simu katikati ya mania bila makubaliano ni kuanzisha vita.

Dawa ina hadithi yake. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika kwamba lithiamu iliwatuliza wagonjwa wake wa mania. Lithiamu si kemikali iliyobuniwa maabara, ni madini, ndugu wa sodiamu tunayoila kwenye chumvi. Figo huwachanganya ndugu hao wawili. Mwili ukipungukiwa maji na chumvi, kwa kuharisha, kutapika au jasho jingi la ufukweni, figo huanza kuikumbatia lithiamu badala ya kuitoa, na kiasi kilichokuwa tiba jana kinakuwa sumu leo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa dukani kama pipi, hufanya vivyo hivyo. Mikono inatetemeka, mtu anatapika, anayumba, maneno yanakuwa mazito. Mlevi wa komoni huonekana hivyo hivyo. Mgonjwa wa malaria karibu hivyo. Ndiyo maana lithiamu inataka maabara ya kupima kiwango chake katika damu, na pasipo na kipimo wauguzi hukutana zaidi na kabamazepini au valproati ya sodiamu. Hizo nazo zina masharti: ya pili haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa madhara yake makubwa kwa mtoto tumboni, ya kwanza hudhoofisha baadhi ya njia za uzazi wa mpango, na vipele vikitokea ngozini mgonjwa arudi siku hiyo hiyo, asisubiri tarehe ya kadi.

Sonona haiji kwa bodaboda. Inakuja kwa miguu, peke yake, na inajitambulisha kwa majina mengine: kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Anapimwa malaria, anapewa panadol, anarudi baada ya wiki mbili na maneno yale yale. Hapa muuguzi anahitaji maswali mawili ambayo wengi huyaogopa. La kwanza: “Mama, umewahi kuwa na kipindi ulikuwa huhitaji usingizi, una nguvu kupita kawaida, watu wakakushangaa?” Jibu likiwa ndiyo, hiyo si sonona ya kawaida, na dawa ya sonona kama amitriptilini ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu. La pili: “Umefikia kuwaza kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Mara nyingi ni mara ya kwanza kwake kulisikia likitamkwa bila kugombezwa.

Jibu la swali hilo huanza kufanyiwa kazi nyumbani. Nchi ya kahawa ni nchi ya viuatilifu, na viuatilifu hukaa uvunguni mwa kitanda. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, hatua kwa hatua, hasa kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilipungua sana. Wazo la kujiua mara nyingi ni wimbi la muda. Likipita bila sumu karibu, mtu huishi. Sanduku lenye kufuli kwa jirani linaweza kuokoa maisha ambayo kidonge hakijapata muda wa kuyaokoa, kwa kuwa dawa ya sonona huchukua majuma kufanya kazi.

Sheria yetu haimsaidii muuguzi hapa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo familia inafika na maelezo yaliyopangwa njiani: alikosea, alidhani ni soda. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Sisi bado, na mpaka hapo muuguzi ataendelea kutibu ajali ambazo si ajali.

Nimechelewa kulifikia kundi gumu kuliko yote, na huko wodini nalo huchelewa kufikiwa. Ni watu wenye matatizo ya haiba. Hapa hakuna kupanda na kushuka kwa majuma. Ni namna mtu anavyojiona na anavyohusiana na wengine, iliyojijenga tangu ujanani, mara nyingi juu ya utoto wenye kupigwa, kutelekezwa au kudhalilishwa. Uainishaji mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, umeacha ile orodha ndefu ya aina za haiba na kuuliza zaidi ukali: tatizo linavuruga maisha kiasi gani? Lakini ule mwongozo wa shirika hilo hilo kwa vituo visivyo na bingwa, wenye sura za sonona, saikosisi, kifafa na kujidhuru, hauna sura ya haiba. Muuguzi wa kituo cha afya anabaki na majina ya mtaani: jeuri, ana roho mbaya, anajitakia.

Mchukue binti wa miaka ishirini anayekuja mara ya tatu na majeraha ya wembe mkononi. Jumatatu anamwambia muuguzi wa zamu, “Dada, wewe peke yako ndiye unayenielewa.” Jumatano, dada huyo huyo akichelewa nusu saa, ni adui. Kwa wenzake wa zamu ya usiku amesema maneno mengine, na sasa wauguzi wenyewe hawasemezani. Ninavyoona mimi, huyu binti hachezi mchezo. Anaogopa kuachwa kwa hofu isiyo na kipimo, na anajaribu kila kamba aone ipi itakatika.

Hakuna kidonge cha hofu hiyo. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, aliandika 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio tiba yenyewe, na kwa wagonjwa hawa maneno yake ni ya kazini kabisa. Jeraha lisafishwe kwa heshima ile ile anayopewa aliyejikata na panga shambani, bila mahubiri. Kisha maswali kuhusu saa chache kabla ya wembe: nani alisema nini, ulihisi nini, ulifanya nini kabla ya kuuchukua? Mpango uwe mmoja, umeandikwa, zamu zote zinausoma. Ahadi ziwe ndogo: usimwambie “nipo muda wote”, mwambie “Jumanne saa nne, dakika ishirini”, na Jumanne saa nne uwepo. Na hiyo Jumanne iwepo hata kama hakujikata. Kituo kinachomwona mtu akitoka damu tu kinamfundisha kutoka damu. Wala si watu wa kukatiwa tamaa: Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyebuni tiba inayotumika sana kwa watu hawa, alikiri hadharani 2011 kwamba ujanani alilazwa kwa kujidhuru yeye mwenyewe.

Wamatengo walikuwa na sengu, desturi ya ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliofanya kazi kijijini Kindimba waliikuta bado inakumbukwa kiasi cha kuipa jina lake kamati ya maendeleo ya kijiji. Inavutia kusema muuguzi aifufue. Mimi ningesita kidogo: ukoo mzima ukikaa kumjadili binti mwenye wembe, kikao kinageuka mahakama kabla ugali haujapoa. Sengu ya watu watatu inatosha, mmoja achaguliwe na mgonjwa mwenyewe, na kazi yake iwe moja: kujua dalili za mwanzo na tarehe ya kliniki.

Tarehe nayo ina elimu yake. Milimani iwekwe mbali na siku za malipo ya kahawa. Ziwani, upepo wa mwera unapovuma, mitumbwi kutoka vijiji visivyo na barabara haiji, na usiku wa giza wanaume wote wako majini na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, nyavu zinaanikwa, na mvuvi yuko nyumbani, pengine hata amelala. Muuguzi akiandika kwenye kadi “mwezi mpevu” pembeni ya tarehe, ana nafasi nzuri zaidi ya kumwona.