Dawa Bure, Safari Je? Gharama Halisi ya Kumtibu Mgonjwa wa Akili Pwani

Mwulize mtu wa Kaloleni, Pwani ya Kenya, kumtibu mgonjwa wa akili ni pesa ngapi, naye atakutajia bei ya dawa. Vidonge ni kiasi hiki, sindano ya mwezi ni kiasi kile. Lakini dawa ambazo bado ndizo tegemeo la hospitali zetu, kama haloperidoli, amitriptilini na karbamazepini, ni za zamani, za bei nafuu, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya taifa. Kinachoifilisi familia ni mwendo wa kuzifuata.

Tupige hesabu. Mojawapo ya vitengo vya afya ya akili vinavyojulikana sana Pwani ni kile cha Hospitali ya Port Reitz, Changamwe. Tuseme nauli kutoka kwenu hadi pale, pamoja na kubadilisha matatu Mazeras, ni shilingi 300 kwa mtu mmoja. Mgonjwa haendi peke yake, basi ni watu wawili, kwenda na kurudi: 1,200. Anayemsindikiza amepoteza kibarua cha siku, tuseme 600. Chai na chapati za wawili, 200. Safari moja imekula 2,000, na hapo dirisha la dawa hamjalifikia. Kwa miezi 12 ni 24,000.

Sasa tuseme dawa zilezile zinatolewa kwenye kituo cha afya cha karibu. Bodaboda moja inawabeba wote wawili kwa 200 kwenda na kurudi, na kibarua kinapotea nusu siku, 300. Hiyo ni 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka. Tofauti ni 18,000. Weka nauli yako mwenyewe mahali pa hizi zangu, upande upungue au uongezeke; nina hakika pengo litabaki pana.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la kumuuliza daktari, mara tu mgonjwa anapotulia, si kama kuna dawa bora zaidi ya hii. Muulize: tunaweza kuendelea na hii kituoni kwetu? Madaktari wengi hukubali mpango wa katikati. Mgonjwa anamwona daktari wa hospitali kubwa kila baada ya miezi 3, na miezi iliyobaki anachukua dawa karibu na nyumbani. Kwa hesabu yetu, safari 4 za mbali ni 8,000 na 8 za karibu ni 4,000. Jumla 12,000, nusu ya gharama ya kwanza, na jicho la daktari halijamwacha mgonjwa. Kwa anayemeza vidonge na hali yake imetulia, omba pia apewe vya miezi miwili au mitatu kwa pamoja. Ukikataliwa, umepoteza swali tu.

Mpango huu una adui mmoja mkubwa, naye ni neno "zimeisha".

Anayekwenda kliniki hizi analijua dirisha lile. Unapitisha daftari la shule lililoandikwa jina la mgonjwa kwa kalamu ya wino mzito, kurasa za mbele zimejaa mwandiko wa madaktari tofauti. Mfamasia anatia alama ya vema kwenye dawa moja, mkasi kwenye mbili, anakurudishia. "Hizi mkanunue nje." Nje ni duka la dawa lililo hatua chache kutoka langoni, na bei yake haipangwi na hospitali. Familia yenye pesa inanunua zote. Isiyo nazo inanunua za wiki moja, au inanunua ile iliyo rahisi na kuiacha iliyo muhimu, kisha inarudi nyumbani na kungoja. Dawa zikikatika, ugonjwa hurudi. Mgonjwa akirudiwa, gharama haihesabiwi tena kwa nauli: kuna kukodi gari usiku, kuna kulazwa, kuna vitu vilivyovunjwa, na kuna jirani wa kuombwa radhi.

Kwa hiyo kabla ya kuhamia kituo cha karibu, mtume kijana akaulize mambo mawili. Je, dawa hii hasa mnayo sasa? Miezi mitatu iliyopita iliwahi kuisha? Zahanati iliyo mlangoni pako lakini haina sindano ya mwezi ni ghali kuliko hospitali iliyo mbali yenye sindano hiyo. Chukua namba ya simu ya muuguzi na umpigie siku moja kabla ya safari. Simu ya shilingi chache inaokoa elfu mbili.

Tuje kwenye bima, maana hapa wengi wanalipa wasichostahili kulipa, au hawalipi kabisa kisha wanajuta. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote: wa 20,000 hukatwa 550 kwa mwezi, wa 50,000 hukatwa 1,375. Asiye na mshahara hupimwa uwezo kwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Ubaya ni kwamba yeye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani kuanzia 3,600. Kwa mama anayeuza mahamri asubuhi, 3,600 kwa mkupuo mmoja si sawa na 300 mara kumi na mbili, hata kama mwalimu wa hesabu atabisha.

Hata hivyo, ipime na ile 18,000 tuliyookoa kwa kusogeza kliniki karibu. Ada ya chini ya mwaka ingelipika mara tano. Mgonjwa wa maradhi sugu ndiye mtu ambaye bima inamlipa zaidi ya anachoweka, kwa sababu kulazwa kwake ni jambo la kutarajiwa. Mfuko wa SHA una mafungu ya afya ya akili na ya matibabu ya uraibu, lakini yana vikomo. Kabla ya kutia sahihi fomu ya kulazwa, nenda kwenye dawati la SHA hospitalini, uulize fungu linalipa kiasi gani kwa siku, limebaki kiasi gani, na kipi kitabaki mabegani mwako.

Kuna mawili ambayo watu hawaambiwi. La kwanza: matibabu ya kutwa katika zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa pesa za serikali. Anayehitajika ni mtu aliyejiandikisha tu, hata kama hajalipa ada yoyote. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. La pili: kadi yako inamfunika mwenzi wako na watoto wako. Haimfuniki ndugu yako mtu mzima anayeishi uani kwako. Yeye anaandikishwa kwa jina lake na kitambulisho chake, na wagonjwa wengi wa miaka mingi vitambulisho vyao vimepotea zamani. Kitafute sasa, wakati ametulia. Usingoje siku ya kumfunga kamba.

Nairobi je? Hospitali ya Mathari, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1910, bado ndilo jina la kwanza linalotajwa mgonjwa anapowashinda watu. Kwa kesi ngumu, au inayohusu mahakama, hiyo ndiyo rufaa. Lakini kumsafirisha mtu kutoka Kilifi hadi Mathari kwa sababu tu "kule ndiko kwenyewe" ni uamuzi wa gharama kubwa. Safari ni ya usiku kucha, hakuna wa kumtembelea, na akiruhusiwa anarudi kwenye kijiji ambacho hakikuandaliwa kumpokea. Mnajua wenyewe kwamba kuna wagonjwa walioruhusiwa na kukosa wa kuja kuwachukua. Port Reitz kwa watu wa Pwani, au Moi ya Eldoret kwa watu wa Bonde la Ufa, inatosha kwa walio wengi.

Upande wa hospitali na kliniki za kibinafsi, kumwona daktari bingwa mara nyingi ni maelfu kadhaa kwa mara moja. Tuseme 4,000: ukimfuata kila mwezi ni 48,000 kwa mwaka kabla ya dawa. Sioni ubaya wa kumwendea mara moja kupata maoni ya pili, hasa kama ugonjwa umebadilishwa majina mara tatu katika daftari. Ukienda, sema wazi: niandikie dawa ambazo naweza kuzipata hospitali ya serikali, kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Daktari mwungwana hatakasirika. Na kama una bima ya kibinafsi inayokutolea ugonjwa wa akili nje ya mkataba, jua kwamba Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa wa akili haki ya bima ya matibabu kama wengine. Andika barua, uweke nakala.

Mshauri nasaha ni hesabu nyingine. Kwa huzuni nzito, msiba, au hofu isiyoondoka, mazungumzo yanaponya, na wakati mwingine dawa haihitajiki. Kikao kimoja mjini kinaweza kuwa 3,000; vikao 8 ni 24,000. Vikao vya simu huwa na nafuu kidogo na vinafuta nauli, ila hakikisha mshauri amesajiliwa, kwa maana nchi yetu ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014 na bado kila mtu anajiita mshauri.

Asiye na 24,000 asikate tamaa. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kupanga namna ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Uganda nako, shirika la StrongMinds linatibu huzuni kwa vikundi, wanawake wakikutana kila wiki bila malipo. Kwetu, uliza hospitalini kama kuna kikundi cha familia na wagonjwa. Kisipokuwepo, watu sita wa kliniki moja wanatosha kukianzisha, na jambo la kwanza watakalofaidi ni kukodi gari pamoja.

Sitawasahau mganga na maombi, kwa sababu ndiko familia nyingi zinakoanzia. Sina ugomvi na dua. Ugomvi wangu ni na yule anayesema dawa za hospitali ziachwe ndipo dua ikubali, na yule anayedai mbuzi, kisha ng'ombe, kisha hati ya shamba. Mfa maji haachi kutapatapa, na kuna watu wanaoishi kwa kuwauzia wafa maji nyasi. Shehe au mchungaji anayefaa atakwambia umeze dawa yako na aendelee kukuombea. Huyo hana bei, na anayekufunga mnyororo hafai kwa bei yoyote.

Kwa waraibu wa heroini, kabla hujamlipia kijana nyumba ya kurekebisha tabia, jua kwamba kliniki za methadoni za serikali zipo Mombasa na Malindi, na huduma haitozwi. Nyumba za kibinafsi ziulizwe leseni ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ziulizwe muuguzi yuko zamu gani. Ikiwa jibu ni "tunatumia nidhamu", geuza gari.

Na ikiwa mtu amesema anataka kujiua, acha hesabu zote hizi. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu. Hofu ya polisi isiwazuie: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba.

Imebaki kuuliza kwa nini dirisha linasema "zimeisha". Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2022 kwamba nchi kwa wastani hutumia takriban asilimia 2 ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na kwamba katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya pesa hizo huishia kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Kinachofika kituoni kwenu ni makombo ya makombo. Ukimwi na malaria zilipata wafadhili. Ugonjwa wa akili haukupata kama hao. Afya iligatuliwa, kwa hiyo anayeagiza dawa za kituo chenu ni kaunti, na sheria ya 2022 inaitaka kaunti itenge pesa za huduma hii. Kaunti nyingi hujificha nyuma ya fungu la jumla la "dawa", ambamo amoksisilini hushinda kila siku.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Nendeni, wawili watatu kutoka kila kliniki, na daftari zenu zenye alama za mkasi, mkaombe jambo moja: fungu la dawa za akili liandikwe peke yake, kwa jina lake na kiasi chake.