Nyuzi za Gitaa la Kambi: Uzichague Vipi, Uzibadilishe Vipi

Katika kila kambi yenye bendi ya muziki wa dansi kuna chombo kimoja ambacho huazimwa na wengi na kutunzwa na wachache, nacho ni gitaa la umeme. Bunduki ina mwenyewe. Namba yake imeandikwa katika daftari la ghala la silaha, na askari anayeirejesha ikiwa na kutu anajua yatakayompata. Gitaa halina bahati hiyo. Hupigwa Jumamosi usiku kucha, hutiwa jasho, hurudishwa sandukuni bila kufutwa, na Jumamosi ifuatayo hutolewa tena kama kwamba hakuna lililotokea.

Tulikuwapo katika kambi moja, ambayo hatutaitaja, siku ya kuwaaga wazee waliokuwa wakistaafu. Sajini mmoja aliyetumikia miaka mingi alikuwa ameomba wimbo mmoja tu, apate kucheza na mkewe mbele ya watoto wao. Wimbo ulipoanza, uzi wa tatu wa gitaa la solo ukakatika. La kushangaza ni kwamba hata zile nyuzi tano zilizobaki ziliharibika sauti papo hapo, zote zikapanda juu. Katika sanduku hapakuwa na uzi wa tatu wa akiba. Vijana wakafunga uzi wa kwanza mahali pa wa tatu, nao ukawa mlegevu kama kamba ya kuanikia nguo. Dakika ishirini zikapita, hotuba zikaanza, na yule mzee akaenda zake nyumbani bila wimbo wake.

Wengi walisema siku ile kwamba gitaa limerogwa. Halikurogwa. Gitaa lile lilikuwa la aina ya Stratocaster, iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha Fender huko California mwaka 1954. Daraja lake, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini, halikukazwa kwenye ubao; limening'inizwa kati ya nguvu mbili. Mbele nyuzi huvuta, na nyuma, ndani ya tundu lililofunikwa, springi huvuta kwa kinyume. Nguvu hizo zikilingana, daraja hutulia. Uzi mmoja ukikatika, springi hushinda, daraja hurudi nyuma, na nyuzi zilizosalia hukazika zaidi ya ilivyotakiwa. Ndiyo maana sauti zote zilipanda.

Hapana budi tueleze kwanza kwa nini si kila uzi unafaa. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna vinasa sauti, navyo si kitu kingine ila sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, huzaa umeme mdogo katika waya ule, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Uzi wa nailoni haufanyi lolote hapo, na nyuzi za shaba za gitaa la kawaida hutoa sauti dhaifu. Nyuzi zinazotakiwa ni za chuma cha pua, au za chuma kilichopakwa nikeli. Tatu nyembamba huwa waya mtupu. Tatu nene huwa na waya wa kati uliozungushiwa waya mwingine.

Sasa tuje kwenye unene, ambao ndio unaoleta mabishano yasiyokwisha katika vyumba vya mazoezi. Unene hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, na seti nzima huitwa kwa namba ya uzi wake wa kwanza. Mtu akisema anapiga namba 10, maana yake uzi wake mwembamba kuliko yote una unene wa milimita 0.254, yaani robo ya milimita hivi. Seti ya namba 10 ya kawaida huishia na uzi wa sita wa namba 46; ya namba 9 huishia na 42; ya namba 11 huishia na 48 au 49.

Tofauti ya namba moja huonekana kama si kitu. Lakini uzito wa uzi hukua kwa mraba wa unene wake, na ili utoe sauti ile ile katika urefu ule ule, lazima uvutwe kwa kadiri hiyo hiyo. Kutoka 9 hadi 10 mvuto huongezeka karibu kwa robo. Katika gitaa la Fender, ambalo nyuzi zake zina urefu wa inchi 25 na nusu toka mwanzo wa shingo hadi darajani, uzi wa kwanza wa namba 9 huvuta kama kilo 6, wa namba 10 kilo 7 na kitu, na wa namba 11 karibu kilo 9. Ukijumlisha nyuzi zote sita, seti ya namba 9 huvuta shingo kwa kilo 38 hivi, ya 10 kwa kilo 47, na ya 11 kwa zaidi ya kilo 50, yaani mfuko mzima wa saruji ukining'inia kwenye kipande cha mti usiku na mchana. Magitaa mengi ya Gibson ni mafupi kidogo, inchi 24 na robo tatu, na kwa hiyo nyuzi zile zile huwa laini zaidi mkononi.

Zamani hapakuwa na hiari kubwa. Seti zilizokuwa madukani zilikuwa nene, na uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya, mgumu kuupinda. Wapigaji wajanja walinunua uzi wa banjo wakaufanya wa kwanza, kisha wakaishusha kila mmoja nafasi moja na kuutupa ule wa sita. Ernie Ball, mwenye duka la magitaa huko California, aliona hayo, na mwaka 1962 akaanza kuuza seti nyembamba iliyokwisha kupangwa: 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Mpangilio huo ndio unaotumika zaidi mpaka leo.

Wako wanaodhani kwamba uzi mnene ndio uanaume. Wao humtaja Stevie Ray Vaughan wa Texas, aliyepiga uzi wa kwanza wa namba 13. Ni kweli alipiga, lakini husahau kusema kwamba alizilegeza nyuzi zote nusu sauti, jambo linalopunguza mvuto kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kwamba hata hivyo vidole vilimchubuka vibaya. Askari hachagui buti kwa ukubwa. Huchagua linalomtosha mguu.

Kwa maoni yetu, mpiga solo wa muziki wetu wa dansi, anayekwenda mbio juu kabisa ya shingo wakati wa sebene, atafaidika na namba 9 au 10. Mpiga ridhimu anayepiga kwa nguvu saa tano mfululizo aende kwenye 10 au 11, kwa sababu uzi mwembamba ukipigwa kwa nguvu hupanda sauti na kuonekana kama haukulinganishwa. Bendi inayolegeza magitaa nusu sauti au sauti nzima ili kumrahisishia mwimbaji na ichukue namba moja juu. Na kambi yenye gitaa moja linaloshikwa na kila mtu iweke namba 10, ishikilie hapo hapo. Kubadilibadilisha unene kila mwezi kunaitesa shingo na kulivuruga daraja.

Kazi ya kubadilisha yenyewe yahitaji meza, kitambaa cha kuegemezea shingo, koleo la kukatia waya na bisibisi. Legeza uzi kabisa kabla ya kuukata. Uzi uliokazwa ukikatwa huruka kama mjeledi, na jicho halina akiba ghalani. Badilisha mmoja mmoja, hasa kwa gitaa lenye daraja la springi, ili nguvu zile mbili tulizozitaja zisipotane. Pitisha uzi mpya darajani mpaka kichwa chake kishike, uvute hadi kwenye kigingi chake cha kukazia, kisha uache ulegevu wa kama sentimita 5 kabla ya kuukunja. Uzi mnene uzungukwe mara mbili au tatu, mwembamba mara tatu au nne, kila mzunguko ukiwa chini ya uliotangulia bila kupandana. Mizunguko iliyopandana ndiyo inayoteleza katikati ya wimbo, kisha lawama zikaenda kwa aliyetengeneza gitaa.

Ukishamaliza, linganisha sauti toka uzi wa sita: E, A, D, G, B, E. Kambi yenye bendi ya matarumbeta haina haja ya kutafuta mbali. Mwombe mpiga klarineti akupe sauti. Kisha uinue kila uzi kwa vidole katikati na kuunyoosha taratibu, ulinganishe tena, na kurudia mpaka usishuke. Jambo hili ndilo linalorukwa kuliko yote, na ndilo linalofanya nyuzi mpya zionekane hazifai usiku wa kwanza.

Ikiwa umebadilisha unene, kazi haijakwisha. Nyuzi nene huinua daraja la springi. Fungua kifuniko cha nyuma, ukaze kidogo kidogo zile skrubu mbili zinazoshika springi hadi daraja lirudi mahali pake. Shingo nayo huweza kupinda mbele. Ndani yake mna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, lakini isizungushwe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, na asiyejua asiiguse asilani. Uzi ukikwama katika mfereji wa mwanzo wa shingo na kulia kama mlango, sugua mfereji huo kwa ncha ya penseli. Makaa ya penseli ni kilainishi kizuri.

Mwisho, pigo la wazi lilinganishwe na lile la kubonyeza kwenye chuma cha 12. Hizo ni sauti moja, iliyopishana daraja nane. Ikiwa ile ya kubonyeza iko juu, kipande kinachobeba uzi huo darajani kisogezwe nyuma. Ikiwa iko chini, kisogezwe mbele.

Majeshi hayakuwa wageni katika jambo hili. Jimi Hendrix alikuwa askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 ya Marekani huko Fort Campbell mwaka 1961 na 1962, akamwandikia baba yake amletee gitaa kambini. Kwa kuwa alikuwa wa mkono wa kushoto, alilipindua gitaa la mkono wa kulia na kuzipanga upya nyuzi zote. Karibu nasi, Maroon Commandos ya Kenya, iliyoongozwa na Habel Kifoto, na Polisi Jazz ya Tanzania zilitoka makambini na kupendwa na raia.

Kwa bendi ya kambi tunashauri seti mbili kamili ndani ya sanduku, na zaidi ya hizo nyuzi za kwanza tatu na za tatu mbili, kwa kuwa nyembamba ndizo zinazokatika. Zifungwe katika karatasi ya nailoni isiyoingiza hewa, hasa pwani na maziwani ambako unyevu huleta kutu upesi. Kitambaa kikavu kiwemo pia, na jina la aliyepiga mwisho liandikwe katika daftari, pamoja na tarehe nyuzi zilipobadilishwa.