Mbona watu hukatizana kauli, na ufanyeje ukikatizwa?

KATIKA mabaraza ya Migori na Homa Bay, si ajabu msemaji kukatizwa kabla hajafikia kiini cha hoja yake. Je, huo ni ufidhuli tu?

La hasha. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kuwa jibu hufuata swali kwa wastani wa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Hivyo basi, msikilizaji huandaa jibu mwenzake angali anazungumza. Akikisia vibaya mwisho wa kauli, humwingilia.

Migori, wanakokutana Wajaluo, Wakuria na Wasuba, anayetua kutafuta neno la Kiswahili hudhaniwa amemaliza. Wapo pia wanaodakia kwa shauku ya kuunga mkono, na wanaokusudia kumnyamazisha mwenzao.

Hao wa mwisho ndio hatari. Mjane akikatizwa anapoeleza mpaka wa shamba lake, huenda wazee wakaamua bila kusikia upande wake.

Ukikatizwa, usipandishe sauti. Sema kwa utulivu, "Naomba nimalize," kisha uendelee pale ulipoachia. Naye mwenyekiti amrudishie zamu aliyepokonywa, kwani haki huanza kwa kusikizwa.